Tetekuwanga kwenye wodi isiyo na chumba cha kutengea: ngozi ya mtoto na waliolala vitanda vya jirani

Nesi_wa_Zamu

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa watu wa wodi ya watoto.

Kituo chetu cha afya kina wodi moja ya watoto, haina chumba cha kutengea. Kuna mtoto wa miaka 3, kilo 12, alilazwa kwa nimonia. Tarehe 5 akatoka vipele kifuani na mgongoni, kesho yake vikajaa maji, vingine vikatokea kichwani ndani ya nywele. Leo tarehe 7 ana vya kila aina: vidoa, malengelenge, na vichache vimeanza kukauka. Joto 38.4. Anakunywa, anacheza kidogo. Mganga ameandika tetekuwanga.

Kitanda cha kulia kwake yuko mtoto anayetumia ARV. Cha kushoto ni wa miezi 9 mwenye utapiamlo mkali. Mama wa mgonjwa hataki aogeshwe, anasema vipele vitarudi ndani. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi anataka tumpake GV (ile dawa ya rangi ya zambarau) mwili mzima.

Nimweke wapi? Hawa majirani wafanyiwe nini? Kalamaini au GV? Na kwa hali ya sasa, nitajuaje kwamba siyo mpox?

---

Sista_Kinga

Pole na kazi, mdogo wangu. Mwondoe hapo leo hii, mengine yatafuata.

Tetekuwanga inasafiri kwa hewa, haisubiri kugusana tu. Pazia kati ya vitanda au kumsogeza kona ya wodi hakumkingi mtu. Tafuta chumba chochote chenye mlango unaofungika na dirisha linalofunguka nje: chumba cha ushauri, stoo inayoweza kuhamishwa, hata ofisi ya wodi. Mlango wa kuelekea wodini ubaki umefungwa, dirisha la nje libaki wazi, usiku pia. Feni isipulize kuelekea mlangoni. Ikishindikana kabisa, baraza iliyoezekwa, upande ambao upepo hauingizi hewa wodini, ni bora kuliko kona. Na kama nimonia imefikia hatua ya dawa za kunywa, muulize mganga kama anaweza kuruhusiwa. Mtoto wa tetekuwanga asiye na dalili ya hatari anauguzika vizuri zaidi nyumbani.

Sasa hesabu ya tarehe, maana hapa ndipo wodi nyingi zinapokosea. Mgonjwa anaambukiza tangu siku 1 hadi 2 kabla ya kipele cha kwanza mpaka lengelenge la mwisho likauke na kufanya gaga. Kwa kawaida ni siku 5 hadi 7 tangu vipele vianze. Mwenye kinga dhaifu huchukua muda zaidi. Vipele vya huyu vimeanza tarehe 5, kwa hiyo chukulia ameambukiza tangu tarehe 3. Aliyekaa naye wodi moja bila kuwa na kinga amekutana na virusi kati ya tarehe 3 na 7.

Vipele hutokea siku 10 hadi 21 baada ya kukutana na mgonjwa, na uambukizaji hutangulia kidogo. Kwa hiyo hao majirani hawamwambukizi mtu leo wala kesho. Hatari yao inaanza siku ya 8 tangu siku ya kwanza ya kukutana, yaani tarehe 11, na inaisha siku ya 21 tangu siku ya mwisho, yaani tarehe 28 kama mgonjwa atahama leo. Una nafasi mpaka tarehe 10 ya kuwaruhusu wote ambao hali zao zinaruhusu. Watakaobaki wakae pamoja kuanzia tarehe 11, mbali na wanaolazwa upya. Andika tarehe hizo mbili kwenye faili na kwenye kadi ya kliniki. Mwambie kila mama kwamba akiona kipele chenye maji asije kukaa kwenye foleni ya wagonjwa wa nje. Asimame nje na mtoto, amtume mtu amwite mhudumu.

Mtoto wa ARV: daktari wake wa CTC (kliniki ya VVU) ajulishwe leo, pamoja na majibu ya karibuni ya CD4, kipimo cha kinga ya mwili. Sindano ya kingamwili za tetekuwanga haipatikani kirahisi kwetu. Njia inayotumika badala yake ni asaikloviri ya kunywa, 20 mg kwa kilo mara 4 kwa siku, kuanzia siku ya 7 tangu akutane na mgonjwa, kwa siku 7. Kwa huyo ni tarehe 10, ndiyo maana simu ipigwe sasa na si siku hiyo. Chanjo ya tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kawaida ya taifa, na kwa kuwa ni ya virusi hai haipewi mtoto ambaye kinga yake imeshuka sana. Wa miezi 9 naye mjadili na daktari: kwa umri huo kingamwili alizopata kwa mama zimekwisha au zimebaki kidogo, na utapiamlo umemshusha.

Kuna ambao husahaulika. Mtoto anayekunywa predinisoloni kwa dozi kubwa kwa sababu ya figo. Mtoto wa saratani. Mama mjamzito anayelinda mgonjwa, na nesi mjamzito asiyewahi kuugua. Huyo asipangwe kwenye chumba hicho hata kwa zamu moja. Kama mna wodi ya wazazi jirani: mama akitoka vipele kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada yake, mwite daktari kwa ajili ya kichanga papo hapo, usisubiri kichanga kitoke vipele.

Anayemhudumia awe aliyewahi kuugua tetekuwanga. Akilazimika kuingia asiye na kinga, avae barakoa ya N95, ile ya kitambaa haitoshi.

---

Muuguzi_Ngozi

Sista amemaliza upande wa hewa. Mimi naingia kwenye ngozi, maana ndiko mtoto huyu anakoweza kuharibikiwa.

Mama kwanza. Usibishane naye mbele ya wengine. Mweleze kwamba maji hayarudishi vipele ndani. Kinachoingia ndani ni uchafu wa kwenye kucha, na ngozi ambayo haijaoshwa siku tano ina uchafu mwingi. Kisha mwogeshe mtoto yeye akiwa anashika beseni. Akiona mwanaye ametulia na kulala, kesho ataomba maji mwenyewe.

Aoge mara 1 au 2 kwa siku, maji ya vuguvugu ambayo ukitia kiwiko husikii moto wala baridi, kwa dakika 5 hadi 10. Maji ya moto yanaamsha mwasho. Ya baridi yanamtetemesha na joto la mwili linapanda. Sabuni ya kawaida isiyo na manukato, kidogo, kwapani na kwenye mapaja. Juu ya vipele mwagia maji tu kwa kiganja. Dodoki liwekwe mbali. Usitie dawa ya kuua vijidudu ya dukani wala klorini kwenye maji ya kuogea: inaunguza ngozi iliyo wazi, na kesho yake utashindwa kutofautisha kilichoungua na kilichoambukizwa. Mama akitaka muarobaini, majani yachemshwe, maji yachujwe na yapoe, aogeshwe nayo; kusugua majani mabichi kwenye malengelenge hapana, na kumnywesha hapana. Mkaushe kwa kanga laini ya pamba kwa kugandamiza, usifute. Kwenye mikunjo ya shingo na mapaja bakia mpaka pakauke kabisa.

Kucha zikatwe leo. Ukimaliza kukata zilainishe kwa faili, kwa sababu ukingo uliotoka kukatwa ni mkali kuliko kucha ndefu. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Usiku mvalishe soksi za pamba mikononi, zibadilishwe zikilowa. Nguo iwe moja, nyepesi, ya pamba. Blanketi juu ya blanketi ndilo linalomfanya ajikune saa nane za usiku.

Kalamaini: tikisa chupa mpaka unga wa chini uchanganyike, chovya pamba safi, gusa kipele kimoja kimoja, acha ikauke. Mara 3 hadi 4 kwa siku inatosha. Osha ile ya zamani kabla ya kupaka nyingine. Tatizo linaloonekana sana ni mtoto aliyepakwa tabaka juu ya tabaka mpaka mweupe utosini hadi unyayoni: usaha unakaa chini ya ganda na hakuna anayeuona. Machoni, mdomoni, sehemu za siri na kwenye kidonda kinachotoa maji usipake. Kalamaini ni ya mwasho, virusi haiwagusi.

GV mwili mzima mkatalie mwenzako, kwa upole. Rangi ile inaficha kila kitu unachotakiwa kukiona. Tetekuwanga ambayo haijaingiliwa na bakteria haihitaji GV. Vidonda vichache vilivyochubuka na kuanza usaha unaweza kuvipaka ya 0.5% baada ya kuviosha, na uchore kwanza kwenye picha ya mwili ndani ya faili vilipo na ukubwa wake. Ya mdomoni ni 0.25%. Ukiweka ya ngozi mdomoni inaunguza, na mtoto aliyekuwa anakunywa anaacha kunywa.

Kidonda chenye gaga la usaha kisibanduliwe kikavu. Chemsha maji, yapoe, nusu lita tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa. Lowesha gozi, iweke juu ya kidonda dakika 10, gaga litalainika na kutoka lenyewe. Gaga lisilo na usaha liache. Ukilibandua kabla ya wakati ndipo kovu la kubonyea linapobaki. Malengelenge yasitumbuliwe.

Mdomoni vipele hupasuka haraka, unakuta vidonda vidogo kwenye kaakaa. Parasetamoli nusu saa kabla ya chakula, kisha uji uliopoa, maziwa, mtindi, ndizi mbivu. Machungwa na ndimu yasubiri. ORS pakiti moja kwa lita 1, kijiko baada ya kijiko. Asipokojoa kwa saa 6 hadi 8 za mchana, hiyo ni taarifa ya kumpa mganga. Akilia akikojoa, mkague sehemu za siri. Mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akojolee humo humo. Mkojo ukichanganyika na maji haumchomi.

Jicho jekundu au kipele kwenye ukingo wa kope: daktari wa macho. Usitie matone yenye steroidi.

Kila siku mkague saa ile ile kwenye mwanga wa mchana, mbele na nyuma, nywele zikiwa zimetenganishwa kwa vidole, nyuma ya masikio, kinenani, viganja na nyayo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute ule wekundu wa kuzunguka lengelenge, hutauona. Washa tochi ya simu ukiilaza pembeni ya ngozi: lengelenge jipya litang'aa kama tone la maji, kilichoanza usaha kitakuwa cheupe kisichopitisha mwanga, na ngozi iliyovimba itameta na kukaza.

---

Mfamasia_Pwani

Naongeza upande wa dawa, kwa kilo 12 hizo hizo.

Parasetamoli 15 mg kwa kilo ni 180 mg. Kwa dawa ya maji ya 120 mg kwa mililita 5 hiyo ni mililita 7.5, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Soma chupa kabla ya kupima, ipo pia ya 250 mg kwa mililita 5, na mililita 7.5 za hiyo ni zaidi ya mara mbili ya dozi. Joto la 38 na mtoto anacheza halihitaji dawa. Mpe akiwa na maumivu au amezidiwa.

Aspirini kwa mtoto mwenye tetekuwanga ni marufuku kabisa, inahusishwa na ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Muulize mama kama kuna vidonge alivyonunua dukani kabla ya kuja, maana aspirini imo ndani ya dawa nyingi za mafua na maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ziepuke: zimehusishwa na maambukizi mabaya ya bakteria chini ya ngozi wakati wa tetekuwanga. Sindano ya diklofenaki ya kushusha homa haina nafasi hapa.

Mwasho wa usiku: klorfeniramini 1 mg kwa umri wake, mililita 2.5 za dawa ya 2 mg kwa mililita 5, inaweza kurudiwa kila saa 6 ikibidi. Lakini huyu ana nimonia. Inamlaza, na mtoto aliyelala kwa dawa anaweza kukudanganya kwenye upumuaji na fahamu. Hesabu pumzi kwanza: kwa umri wake 40 kwa dakika au zaidi ni za haraka. Zikiwa za haraka, acha dawa hiyo. Chini ya mwaka mmoja usitoe kabisa.

Zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila duka, zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki kwenye tyubu moja, zisiguse tetekuwanga. Steroidi inashusha kinga ya ngozi mahali pale pale virusi walipo.

Asaikloviri si ya kila mtoto. Aliye mzima chini ya miaka 12 hupona bila hiyo. Inatakiwa kwa mwenye VVU, kichanga, anayekunywa steroidi, au yeyote ambaye ugonjwa umeingia mapafuni au kwenye ubongo. Na huyu wenu vipele vimemkuta tayari na nimonia, kwa hiyo mganga aamue sasa, kwani faida ya dawa ya kunywa ni kubwa ikianza ndani ya saa 24 za kipele cha kwanza. Akiandikiwa ya mshipani 10 mg kwa kilo kila saa 8, ni 120 mg. Kichupa cha 250 mg kichanganywe na mililita 10 za maji ya sindano, unapata 25 mg kwa mililita, unavuta mililita 4.8. Ziongeze kwenye bureti (kikopo cha kupimia cha dripu) yenye salaini mpaka jumla iwe mililita 24, hapo una 5 mg kwa mililita. Ipite kwa saa 1 nzima: kwa seti ya matone 60 kwa mililita ni matone 24 kwa dakika.

Usiisukume kwa bomba la sindano. Ikiingia haraka inaganda kama chembe kwenye figo, na mtoto aliyepungukiwa maji ndiye anayeumia zaidi; kwa hiyo maji mwilini kwanza, na mkojo upimwe. Ni dawa kali kwa mshipa, kanula ikivimba simamisha hapo hapo. Iliyochanganywa usiweke kwenye friji, inafanya chembe.

---

Nesi_wa_Zamu

Asanteni sana. Tulimhamishia chumba cha ushauri siku ile ile, mama amekubali kumwogesha. Mtoto wa ARV ameanzishiwa asaikloviri leo.

Leo ni tarehe 10. Jana mgonjwa hakuwa na homa kabisa, nimonia imetulia. Asubuhi hii joto ni 39.2, hataki kusimama kwa mguu wa kulia. Paja lina kipele kimoja kilichokunwa, kuzunguka hapo ngozi imekuwa nyeusi zaidi na ya moto. Ukimgusa analia sana, hata pale ambapo ngozi inaonekana nzima. Niendelee na maji ya chumvi nimwangalie mpaka kesho?

---

Tabibu_Rufaa

Hapana, usisubiri kesho. Homa iliyoshuka ikarudi siku ya 5 ya tetekuwanga ni bakteria mpaka ithibitike vinginevyo, na maumivu makubwa kuliko kinachoonekana kwenye ngozi ndiyo dalili ya kuogopa kuliko zote. Wanaofanya hivi ni stafilokoka na streptokoka, hasa streptokoka wa kundi A, anayeweza kuteketeza nyama chini ya ngozi kwa muda wa saa chache huku juu pakionekana pamevimba tu.

Fanya haya sasa hivi huku gari likitafutwa. Chora ukingo wa eneo lililovimba kwa kalamu ya wino na uandike saa pembeni yake. Pima mzunguko wa mapaja yote mawili kwa utepe, umbali ule ule juu ya goti, uandike namba zote mbili. Gusa kwa mgongo wa mkono ulinganishe joto la mguu mmoja na mwingine. Mapigo ya moyo, pumzi, muda wa damu kurudi kidoleni. Ukizidi sekunde 3 na miguu ni ya baridi, huyo anaingia kwenye mshtuko. Weka kanula mkononi, kamwe si mguu huo. Pima sukari.

Antibiotiki ya kwanza iingie kabla hajaondoka: kloksasilini 50 mg kwa kilo mshipani, kwake 600 mg. Kama haipo, toa ya rufaa mliyonayo, ampisilini 50 mg kwa kilo na jentamaisini 7.5 mg kwa kilo, na uandike saa. Hospitali wataongeza klindamaisini, ambayo inazuia bakteria kutengeneza sumu, na daktari wa upasuaji amwone leo. Parasetamoli mpe. Diklofenaki narudia kama mfamasia: hapana.

Piga simu kabla gari halijaondoka na useme "tetekuwanga siku ya 5", ili asipitishwe kwenye chumba cha kusubiri chenye vichanga. Njiani angalia ule mstari wa kalamu. Uvimbe ukiuvuka, ngozi ikiwa ya zambarau, ikitoka malengelenge makubwa yenye maji meusi, au mtoto aliyekuwa analia akiguswa akaacha kusikia maumivu hapo, piga tena simu uwaambie.

Dalili nyingine za kumrudisha mtoto yeyote wa tetekuwanga, ziandikwe kwa mama anayekwenda nyumbani: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida, shingo imekaza, au wiki moja hivi baada ya vipele anaanza kuyumba akitembea.

---

Mratibu_Milipuko

Swali la mpox halijajibiwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura Agosti 2024, ugonjwa ulipotoka Kongo kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na Tanzania ikathibitisha wagonjwa Machi 2025. Kwa hiyo kila mtoto mwenye malengelenge anastahili dakika mbili za kuangaliwa kwa nia hiyo.

Huyu, kwa maelezo ya tarehe 7, anafanana na tetekuwanga: vipele vilianzia kiwiliwili, vilifika kwa mafungu, na kwenye eneo moja kulikuwa na kidoa, lengelenge na gaga kwa pamoja. Vya mpox kwa kawaida ni vigumu, vimekaa ndani ya ngozi, vingi vina kibonyeo katikati, na kwenye eneo moja vyote viko hatua moja. Hupenda uso, mikono, miguu, viganja na nyayo. Shika shingo, chini ya taya na kinenani: tezi zilizovimba zinaelekeza kwenye mpox. Lakini magonjwa haya yanaweza kumpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na mpox ya siku hizi haifuati kitabu kila mara. Ukiwa na shaka, chukua sampuli na umjulishe mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya siku hiyo hiyo.

Sampuli: glovu, gauni, N95, kinga ya macho. Sugua kwa nguvu vipele viwili vya sehemu tofauti za mwili kwa kijiti cha nailoni au poliesta, si cha pamba, kila kimoja kwenye kichupa chake kikavu, halafu kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Usitoboe lengelenge kwa sindano. Kujichoma hapo ni kujiambukiza.

Muda wa kutengwa usiuchanganye. Tetekuwanga, magaga yakishakauka yote mtoto anarudi shule hata kama bado hayajaanguka. Mpox, mpaka yaanguke yote na ngozi mpya ifunike chini yake. Mashuka ya wote wawili yasikung'utwe. Yakunjwe kutoka nje kwenda ndani, yafuliwe kwa sabuni. Kitanda na sakafu vioshwe kwanza kwa maji ya sabuni, kisha klorini ya 0.5%: kwa JIK ya 3.5% ni sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, ikae dakika 10. Ukimwaga klorini juu ya uchafu ambao haujaoshwa, nguvu yake inaishia kwenye uchafu.

---

Mama_Kliniki

Naomba niingilie hapo hapo. Kliniki yetu ya watoto ina wengi wenye pumu ya ngozi. Mmoja ameletwa ana vidonda vidogo vingi usoni na shingoni, vya duara, kama vimetobolewa, vyote saizi moja, ana homa. Mama anadhani pumu ya ngozi imezidi, ameongeza krimu ya steroidi. Na mwingine ana vijipele vya kung'aa vyenye kitundu katikati, haumwi chochote. Hawa nao ni tetekuwanga?

---

Muuguzi_Ngozi

Wa kwanza ni dharura, dada. Vidonda vya duara vinavyofanana, vimesongamana juu ya ngozi yenye pumu ya ngozi, vinauma kuliko kuwasha, na homa: hao ni virusi vya hapesi vimeenea kwenye ngozi iliyokuwa tayari imeharibika. Aende kwa daktari leo aanzishiwe asaikloviri, asisubiri kipimo. Krimu ya steroidi isimame kwenye eneo hilo mpaka daktari aseme. Kwa kuwa ni usoni, macho yakaguliwe leo pia. Kopo la mafuta alilokuwa akichovya vidole litupwe; atumie jipya, achote kwa kijiko safi. Na uliza nani nyumbani ana vidonda vya homa mdomoni, huyo asimbusu mtoto mpaka apone.

Wa pili ni molaskamu, virusi vya ngozi visivyo na haraka. Vijipele vya milimita 2 hadi 5, vigumu, vya kung'aa. Huisha vyenyewe kwa miezi 6 hadi 18, vingine zaidi. Visikamuliwe: ute mweupe unaotoka ndio unaovipanda pembeni, na kovu linabaki. Taulo lake mwenyewe, asioge beseni moja na wadogo zake, vilivyo wazi vifunikwe kwa nguo au plasta, shule aende. Vikiwa vikubwa, vingi mno, au vimejaa usoni, shauri kipimo cha VVU kwa mtoto. Kikianza kuwa chekundu na kuvimba peke yake bila homa, mara nyingi ni kinga ya mwili imekitambua na kinaelekea kuisha, usikimbilie antibiotiki.